Mwezi Shule Yetu Ilipokuwa Mtoni

Nilifundisha kompyuta kwa miaka mitatu bila kugusa kompyuta. Nasema hivi mapema ili mtu asije akanisifu bure, kama walivyonisifu wazazi wa wanafunzi wangu miaka mingi baadaye, wakanipigia makofi na mimi nikainama kuwashukuru kama mwenye haki.

Hayo ya kutogusa yalikuwa wakati wa vita. Mji wetu wa Kindu ulikuwa umefungwa pande zote. Treni haikuja, boti hazikupanda, barabara ya Lubutu ilibaki jina tu, na mtu aliyetoka mjini kwenda shambani kwake alikuwa akiaga jamaa zake kama anayekwenda Ulaya. Sabuni tulikuwa tunaiota. Chaki iliisha mwaka wa kwanza, tukaanza kuandika ubaoni kwa vipande vya muhogo mkavu. Muhogo huandika vizuri, mweupe safi, ila una kasoro moja: unalika. Asubuhi moja niligeuka kufuta ubao, na nilipogeuka tena kipande nilichokiweka mezani hakikuwapo. Mwanafunzi wa benchi la mbele alikuwa ametazama dirishani, mdomo umefungwa kabisa, hatafuni, hamezi, kama mtu aliyekatazwa hata kupumua. Sikumwuliza kitu. Siku hiyo hesabu tulifanya kwa mdomo.

Mkuu wetu, tuliyemwita Prefe kama wanavyoitwa wakuu wote wa sekondari kwetu, alikuwa mtu wa suti moja na mawazo mengi. Jumatatu moja alitukusanya walimu saba tuliobaki.

"Vita itaisha," alisema. "Siku itaisha, watoto ya Kisangani na ya Kinshasa watakuwa wanajua ordinateri. Na wetu je? Wetu watajua kulala chini masasi ikilia. Hapana. Tutafundisha ordinateri."

Mwalimu wa jiografia akauliza ordinateri yenyewe, yaani kompyuta, iko wapi.

"Haiko," Prefe akajibu, kana kwamba hilo ni jambo dogo. "Nani kati yenu alishaonaka moja na macho yake?"

Nikainua mkono. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitano na bado sikujua kwamba mikono haiinuliwi hovyo mbele ya wakuu. Ni kweli nilikuwa nimeiona kompyuta moja kabla ya vita, katika ofisi ya reli, nilipokwenda kuulizia mzigo wa mjomba wangu. Nilisimama nyuma ya karani kama robo saa. Alikuwa anacheza karata kwenye kioo, peke yake, na akashindwa. Hayo ndiyo yote niliyoyajua kuhusu kompyuta: kwamba ndani mna karata, na kwamba inaweza kumshinda mtu mzima.

"Basi weye njo mwalimu wa informatiki," Prefe akaniambia, na mkutano ukaisha.

Nilianza na herufi. Parokiani kulikuwa na mashine ya zamani ya kupiga chapa, nzito kama jiwe la kusagia, na padre akaniruhusu kunakili mpangilio wa vibonye vyake, ule wa Kifaransa. Viwili vya mstari wa chini vilikuwa vimechakaa hata havisomeki. Nikakisia. Nilikisia kinyume. Mpaka leo wako watu wazima humu mjini, wengine wana ofisi na muhuri, ambao wakitaka kuandika W kidole kinakwenda kwanza kwenye X, halafu wananitaja jina.

Kila mwanafunzi alileta kipande cha katoni, popote alipokipata, akachora vibonye kwa mkaa. Kipanya kilikuwa kokwa la avoka lililofungwa uzi. Kokwa lilisukumwa huku na huku juu ya benchi kwa heshima kubwa, na ole wako uguse la mwenzako. Nilipowasomea imla, "Mama anapika sombe na samaki," vidole vyote viliangukia katoni kwa pamoja, na darasa likalia kama kuku wengi wanaodonoa mtama mahali pamoja.

Tatizo lilikuwa kusahihisha. Utamsahihishaje mtu ambaye hakuacha alama yoyote? Nilipita katikati ya mabenchi nikitazama vidole. Kulikuwa na kijana mmoja mwepesi aliyekuwa akimaliza kabla sijafika kwenye nukta.

"Umeandika nini?" nilimwuliza.

"Yote, Madamu."

"Mbona sioni?"

"Iko ndani."

"Ndani ya nini?"

"Ndani ya ordinateri." Akaifunika katoni yake kwa mikono miwili, nisije nikaimwaga.

Nikampa alama zote. Ningefanya nini? Msichana mmoja, yeye alikuwa mwaminifu kupita kiasi. Aliinua mkono katikati ya imla, machozi yakimlengalenga: "Madamu, nimekosea. Nafuta namna gani?" Nilikuwa nimesahau kuchora kibonye cha kufuta. Darasa zima likasubiri nichukue mkaa nimchoree, akabonyeza mara tano, akavuta pumzi, tukaendelea.

Siku moja milio ya risasi ilianza upande wa uwanja wa ndege wakati wa somo hilo. Walijua la kufanya kuliko mimi. Walilala sakafuni kati ya mabenchi, na kila mmoja aliweka katoni yake chini ya kifua. Nililala nao, shavu kwenye vumbi, nikiwaza jambo la kipumbavu kabisa: kwamba sikuwafundisha mkato uko wapi. Nadhani akili hujitafutia pa kujificha. Kulipotulia tuliinuka tukajihesabu, tukawa wote. Yule msichana mwaminifu akainua katoni yake iliyopinda: "Madamu, yangu imeharibika." Tukacheka mpaka Prefe akaja kuuliza nani amekufa.

Vita viliisha kama vinavyoisha kwetu, polepole na bila tangazo. Prefe alizeeka akaenda kuishi kwa binti yake. Kompyuta hazikuja, somo likasahauliwa, nami nikarudi kwenye hesabu, nikaolewa, nikazaa, nikaanza kuvaa miwani.

Kisha juzi juzi hapa, wafadhili ambao sikuwahi kuwaona sura wakatuletea kompyuta nane na vioo vya kuvuna umeme wa jua. Zilifika kwa mkokoteni kutoka uwanja wa ndege, zimefungwa kwa kamba, na nyuma yake watoto wakiimba. Prefe wetu wa sasa, ambaye vita vilimkuta ananyonya, aliwaita wazazi. Akanishika mkono mbele yao.

"Mama huyu," alisema, "alikuwa anafundisha ordinateri hapa Kindu tangu wakati ya vita!"

Makofi yakapigwa. Mzee mmoja akasimama kabisa. Nilitaka kusema ukweli, lakini makofi hayakuniachia nafasi. Nikainama.

Jumanne yake niliingia na darasa la saba, ambalo kwetu ndilo la kwanza la sekondari. Watoto hamsini na kitu, kompyuta nane, macho yote kwangu. Fundi alikuwa ameziacha zikiwaka. Mimi simu naijua, simu kubwa ya kugusa kioo ninayo kama kila mtu. Kwa hiyo nilikwenda kwenye kompyuta ya kwanza, nikanyoosha kidole kwa madaha, nikagusa kioo. Kimya. Nikagusa tena. Nikakisugua kama mtu anayemwamsha mgonjwa.

"Madamu," sauti ikatoka nyuma, kwa huruma, "ile haiko telefone."

Walikuwa wanajizuia kucheka kwa adabu, na adabu ya watoto hamsini ikipasuka haifungiki tena. Nikakaa. Nikawaambia ukweli wote: katoni, mkaa, kokwa la avoka, karani na karata zake. Mmoja akauliza kama kokwa lilikuwa na kibonye cha kulia na cha kushoto. Nikasema hapana, lilikuwa na ncha na kitako. Akasikitika kwa dhati.

Karibu na soko kuna mama anayeandikia watu barua kwa kompyuta na kuwatolea fotokopi. Nilikubaliana naye: mimi nimfundishe binti yake sehemu za hesabu zilizomshinda, yeye anifundishe kompyuta. Kwa wiki tatu nilikwenda kila alasiri. Siku ya kwanza aliniona nashika kipanya kwa vidole viwili. "Mama mwalimu, shika tu," alisema. "Haiumake." Na kweli hakikuuma, ingawa W ilinitesa, malipo ya dhambi zangu mwenyewe.

Tulipofika kwenye mtandao nilikuwa nimepata ujasiri wa kutosha kufanya madhara. Mtandao wenyewe ulitoka kwenye simu ya Prefe, na simu ya Prefe ilishika mawimbi mahali pamoja tu, dirisha la nyuma linalotazama vyoo. Tuliitia kwenye mfuko wa kitambaa tukaitundika hapo. Kila upepo ulipovuma, mfuko uliyumba na dunia ikakatika. Tulimteua mwanafunzi wa kushikilia mfuko, kwa zamu, naye alikuwa mtu muhimu kuliko mwalimu.

Somo la siku ile lilikuwa ramani. Tuliufungua mji wetu. Ulikuja kwa vipande, mraba mmoja mmoja wa kijivu, kisha mto ukatokea, mpana, ukaukata mji katikati, na watoto wakapiga kelele walipotambua soko, kituo cha treni, na msikiti. Kulikuwa na msichana anayetoka Alunguli, ng'ambo ya mto, anayevuka kila asubuhi kwa mtumbwi kuja shuleni. Yeye ndiye aliyekuwa ameshika kipanya. Aliizungusha ramani, akaizungusha tena, akaniangalia.

"Madamu, shule yetu haiko."

"Tafuta vizuri."

"Nimetafuta. Ya wale iko." Alikuwa anasema shule iliyotufunga mabao manne kwenye mpira.

Sikuwahi kuona darasa likiumia hivyo. Walisimama juu ya mabenchi. Mmoja akasema hii ni dharau, mwingine akasema ni siasa. Mimi nilikuwa nimesoma kwa yule mama wa fotokopi kwamba mtu yeyote anaweza kupendekeza mahali papya kwenye ramani ile, na badala ya kunyamaza nikawaambia.

Kazi ilichukua kipindi kizima na mapumziko. Jina tuliliandika, tukalisoma kwa sauti, tukaweka herufi kubwa. Picha ilikuwa imeganda, miraba ya kijivu mitupu, lakini tuliona alama nyekundu ya kuonyesha mahali. "Hapa?" msichana akauliza. "Kidogo kuliani," wakasema wenzake. "Hapana, chini!" "Chini ya nini, na hakuna kitu?" Upepo ukavuma, mwenye mfuko akaudaka, msichana akabonyeza. Yakatokea maneno ya kutushukuru kwa mchango wetu. Tukapiga makofi. Kwenye daftari la somo niliandika kwa wino mwekundu: Lengo limefikiwa.

Mwezi mmoja baadaye tukapata mkaguzi mpya. Alikuwa amehamishiwa kwetu kutoka mbali, mtu nadhifu, mwenye viatu vya ngozi na simu iliyojua kuongea. Wenzake ofisini walimwambia chukua pikipiki, mwenye pikipiki atakufikisha. Yeye akasema hahitaji kufikishwa, anayo ramani. Yaliyofuata nilisimuliwa mara mbili, na yeye mwenyewe, na mpiga kasia aliyemvusha, na masimulizi yao hayakupishana sana, ila mpiga kasia alicheka zaidi.

Simu ilimtoa ofisini, ikampitisha sokoni, ikamshusha mpaka ukingoni mwa mto mahali mitumbwi inapopakia. Pale ikamwambia aendelee mbele moja kwa moja. Akadhani shule iko Alunguli. Akapanda mtumbwi, begi la ripoti kwenye mapaja, simu mkononi. Walipofika katikati kabisa, mahali maji yana nguvu, ile sauti ya mwanamke ndani ya simu ikasema kwa furaha kwamba amefika.

"Simama," mkaguzi akamwambia mpiga kasia.

"Nisimame wapi, Papa?"

"Hapa. Shule iko hapa."

Mpiga kasia alikuwa mtu wa makamo, amevusha harusi, amevusha maiti, amevusha mbuzi, lakini hili lilikuwa jipya. Alimtazama abiria wake usoni kuona kama ni mgonjwa.

"Papa," alisema polepole, "hapa kwenye tuko, wenye kuikala ni viboko. Na hawasomake."

Mkaguzi akamwonyesha simu. Jina la shule lilikuwa pale, herufi kubwa, limeandikwa bila kosa hata moja. Akamwagiza azunguke, labda ni upande mwingine kidogo. Wakazunguka. Simu ikasema geuka. Wakageuka. Simu ikasema umefika. Wanawake waliokuwa wakifua ukingoni waliacha kufua wakasimama kutazama mtumbwi unaozunguka katikati ya mto na mtu aliyevaa tai ndani yake, na mmoja akaanza kumwombea kwa sauti. Mara ya tatu maji yakaingia. Hapo mpiga kasia akakata shauri mwenyewe, akamrudisha nchi kavu, na njiani akamwuliza jina la shule anayoitafuta. Alipotajiwa, akasema, "Aa! Ile njo ya mutoto yangu! Iko nyuma ya soko, ulishapita pale."

Alikuwa baba wa msichana wetu wa Alunguli.

Mkaguzi aliingia kwetu saa sita kasorobo. Suruali ilikuwa imelowa mpaka magotini, viatu amevishika mkononi, soksi zinaacha alama sakafuni. Prefe alikimbia kutafuta kiti. Mimi nilikuwa ubaoni.

"Nani," mkaguzi aliuliza, "aliweka shule hii ndani ya maji?"

Sikuelewa. Akanipa simu. Nikaona. Pale katikati ya ule mto mpana wa buluu, peke yetu, mbali na kingo zote mbili, ndipo tulipokuwa. Mwezi mzima.

Msichana wa Alunguli akasimama. "Ni miye, Bwana enspekteri."

"Ni siye wote," akasema mwingine, na benchi zima likasimama, kisha la nyuma yake. Mwenye zamu ya mfuko siku ile naye alisimama, akasema ni upepo.

Nikahisi uso unaniwaka. "Bwana enspekteri," nilisema, "watoto walifanya nilichowaambia. Picha ilikuwa haijafunguka, na mimi sikungoja. Kosa ni langu. Hata kwenye daftari niliandika lengo limefikiwa." Sijui kwa nini niliongeza hilo la mwisho.

Akaomba daftari. Akasoma. Midomo yake ikaanza kutetemeka, nikadhani ni hasira, au baridi ya maji. Kisha mabega yakaanza, kisha akatoa ile sauti ya mtu anayecheka bila kutaka, akakaa kwenye benchi kati ya watoto wawili waliosogea haraka wasiloweshwe.

"Rekebisheni," alisema alipopata pumzi. "Mimi niko naangalia."

Safari hii tulingoja kila mraba ufunguke. Ilichukua muda hata kengele ya kwenda nyumbani ikalia na hakuna aliyeinuka. Msichana akaishika alama nyekundu, akaitoa majini, akaivuta ukingoni, akaipandisha barabara ya soko taratibu kama anayebeba yai. Mkaguzi alikuwa amemwinamia begani, ameisahau suruali yake. "Kushoto," alikuwa akisema. "Kushoto kidogo. Hapo! Hapana, hapo ni chooni. Rudi." Prefe mwenyewe alikuwa dirishani ameshika mfuko.

Ripoti yake niliisoma baadaye. Aliandika kwamba somo la kompyuta linafundishwa kwa vitendo, na kwamba shule inafikika kwa miguu. Hilo la pili alilipigia mstari.

Habari ile ilivuka mto kabla ya jioni, na kesho yake sote tukawa watu maarufu. Wiki iliyofuata imamu akaja kwa upole kuuliza kama tunaweza kusahihisha jina la msikiti, limekosa herufi. Mchungaji wa kanisa la pembeni akaja siku hiyo hiyo, akasema kanisa lake haliko kabisa. Walikaa pamoja nyuma ya darasa, magoti yamefika kidevuni kwa udogo wa benchi, kila mmoja akihakikisha herufi za mwenzake hazimzidi ukubwa. Watoto waliwahudumia kwa zamu. Walipoondoka wakawa wanajadiliana barabarani kuhusu pikseli, neno walilojifunza nusu saa kabla.

Darasa likanogewa. Likaamua kuweka kila kitu kilicho karibu na shule: kisima, fundi baiskeli, mshona nguo, na mama anayetuuzia mikate ya mafuta nje ya lango, kwa sababu, walisema, mgeni akifika atakuwa na njaa. Msichana wa Alunguli alikwisha kuandika "Mikate ya Mama" ndipo nikawaza kwamba ni adabu kumwomba ruhusa. Tukamwita. Akaingia na mikono ya unga, akatazama kioo, akaelezwa kwamba sasa mtu yeyote, hata akiwa kule Kama au kule Obokote au ng'ambo ya bahari, ataweza kuona anauzia wapi.

"Mutu yeyote?" aliuliza.

"Yeyote, Mama."

"Hata mutu wa Lubutu?"

"Hata yeye."

Akarudi nyuma hatua mbili. "Hapana, wanangu. Munitoshe mule. Kuko bwana mumoja kule Lubutu, anafikiri nilishakufaka. Mumuache afikiri vile."

Msichana alifuta kabla sijamwambia, akabonyeza mara nyingi kuliko ilivyohitajika, akamgeuzia kioo aone pameachwa wazi. Mama akatoka, akarudi na mikate sita ya moto ndani ya karatasi, akamkabidhi mkononi, akawahi kwenda kuangalia mafuta yake yasiungue.